Nani Apigiwe Hodi? Ziara za Nyumbani na Malezi ya Watoto Wadogo Malindi

Kwa desturi ya mwambao, hodi hupigwa mara tatu. Ya tatu ikipita kimya, mgeni hushika njia akaenda zake. Mhudumu wa afya ya jamii hana uhuru huo. Amekabidhiwa kaya zipatazo mia moja, ana simu ya kujazia taarifa, na mlango uliofungwa leo ataulizwa kesho. Septemba 2023 serikali ya Kenya ilianza kuwagawia wahudumu wapatao 100,000 nchini mikoba yenye mizani, kipimajoto na vifaa vya kupimia presha na sukari. Tangu 2018, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia wamekuwa wakihimiza nchi zisiishie kwenye chanjo na lishe. Mzazi asaidiwe pia kuzungumza na mtoto, kumchezesha na kumlisha kwa subira. Kwa hiyo wazo linajileta lenyewe: mhudumu akishaingia kupima presha ya babu, kwa nini asimfundishe mama?

Watetezi wa wazo hili wana hoja nzito, na kwa Malindi ni nzito zaidi. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka mitano Kenya wamedumaa. Kilifi, kaunti yetu, ni asilimia 37. Udumavu haumtishi mzazi. Mtoto mfupi anayecheza na wafupi wenzake anaonekana sawa tu, na hakuna atakayemkimbiza hospitali kwa sababu hiyo. Lazima mtu aje na kipimo.

Ushahidi unaotajwa sana unatoka Jamaica. Miaka ya 1986 na 1987, jijini Kingston, watafiti waliwaandikisha watoto 129 waliodumaa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki, kama saa nzima, kwa miaka miwili. Aliyewatembelea hakuwa daktari bali mhudumu wa kawaida wa jamii, na vitu vya kuchezea vilitengenezwa kwa vifaa vilivyotupwa. Walipofikia umri wa miaka 22, kipato chao kilizidi kile cha wenzao wasiotembelewa kwa asilimia 25 hivi. Mtu wa mradi akisimama kuzungumza kwenye ukumbi wa hoteli, habari ya Jamaica haikosi. Kinachokosa ni hesabu.

Tuseme katika kaya mia za mhudumu wa Ganda, hapa Malindi, arubaini zina mtoto wa chini ya miaka mitatu. Saa moja kwa kila kaya ni saa arubaini kwa wiki, bila kuhesabu mwendo wa miguu wala jua la saa saba. Hiyo ni ajira kamili. Posho yake iliyopangwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, na malalamiko ya kucheleweshewa yamesikika katika kaunti mbalimbali. Mwanamke huyo huyo ana watoto wake, na jioni anakaanga viazi karai barabarani ili siku ipite. Ukimwongezea somo la michezo ya watoto bila kumwongezea kitu mkononi, utakachopata si matokeo ya Kingston. Utapata fomu zilizojaa.

Tena hatuna haja ya kuvuka bahari. Magharibi mwa Kenya, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilihusisha vijiji 60 na akina mama zaidi ya elfu moja wenye watoto wadogo. Katika baadhi ya vijiji, mama walikutana kwa vikundi mara 16. Katika vingine walikutana mara 12 na kutembelewa nyumbani mara nne. Vilivyobaki havikupewa mafunzo. Wengi tungebahatisha kwamba mchanganyiko ungeshinda. Wapi! Watoto ambao mama zao walikutana kwa vikundi peke yake ndio waliopiga hatua kubwa zaidi katika kufikiri na kuelewa maneno. Mimi sikushangaa sana. Mwanamke wa huku amezoea kujifunza katikati ya wenzake, kwenye chama, kwenye maulidi, kwenye shughuli za harusi. Mmoja akisema mtoto wake analia akiona kijiko, watano watamjibu, na wawili kati yao watabishana. Mgeni mmoja aliyekaa mkekani na mama mmoja hutoa mawaidha, naye mama huitikia "ndiyo" mpaka aondoke.

Hata hivyo yapo mambo ambayo kikundi hakiwezi kuyaona. Niliwahi kufuatana na mhudumu mmoja mtaa wa Muyeye. Tulimkuta bibi akimenya mihogo, mjukuu kamkalia ubavuni. Mama wa mtoto yuko Saudia, kazi za ndani. Baada ya shikamoo na marahaba, mhudumu alitoa vikombe viwili vya plastiki, kikubwa na kidogo, akaanza kuonyesha namna ya kumfundisha mtoto kuvipachika. Bibi alitazama, akacheka.

"Mwanangu, mimi nimelea saba. Kucheza na mtoto ni kazi ya watoto wenzake."

Kisha, bila kuulizwa, akasema mtoto hataki uji tangu Ijumaa. Vikombe vikawekwa kando. Utepe wa kupimia lishe ukazungushwa kwenye mkono wa mtoto, ukasoma njano, rangi ya tahadhari, maana yake mkono uko kati ya sentimita 11.5 na 12.5; chini ya hapo ni nyekundu. Bibi yule haendi vikundi, magoti hayamruhusu. Mtoto wake angeonekanaje? Lakini pia niseme nilichokiona mwisho: "Mpeleke kliniki, bibi." Nauli ya bodaboda haikutajwa na yeyote, wala hakuna aliyejua kama chakula cha lishe kipo huko au kimekwisha.

Halafu kuna stara. Mhudumu mwanamume hawezi kuingia nyumba yenye mke peke yake, hata awe na kitambulisho kikubwa namna gani. Mzazi aliye ndani ya arubaini hamkabidhi mtoto kwa mkono asioujua. Wanja usoni mwa kichanga haukupakwa kwa urembo tu, bali kumkinga na kijicho. Wataalamu wengine huyaita haya vikwazo. Kwangu ni maelekezo ya namna ya kufanya kazi. Arubaini ndiyo siku mama hatoki, na ndiyo siku za hatari kubwa kwake na kwa kichanga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka waonwe tena kati ya saa 48 na 72 baada ya kujifungua, kisha kati ya siku ya saba na ya 14, kisha wiki ya sita. Hapo ziara haina mbadala, mradi anayekuja awe mwanamke wa mtaa huo huo, anayejulikana ni binti wa nani.

Hoja moja ya watetezi siikubali. Tangu 2023, ilipofukuliwa zaidi ya miili 400 msituni Shakahola, wakiwemo watoto, wapo wanaosema kila nyumba itembelewe ili kisa kama kile kisirudi. Uchungu wao naujua. Lakini waliohamia msituni, wakimfuata mhubiri aliyewahimiza wafunge hadi kufa, walihamia kusudi wasipigiwe hodi. Na siku mhudumu atakapoonekana kuwa jicho la chifu, bibi wa Muyeye atasema mtoto anakula vizuri, alhamdulillahi, na utepe hautatoka mkobani.

Uingereza inatufundisha jambo jingine. Mpango wa wauguzi kuwatembelea mama wenye umri mdogo wanaozaa mara ya kwanza, ulioanzia Marekani, ulipimwa huko, na matokeo yaliyotolewa 2015 hayakuonyesha faida katika mambo makuu yaliyopimwa, ukiwemo uzito wa mtoto anapozaliwa. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba huduma za kawaida kule tayari ni nyingi. Ziara hufaa pale penye pengo. Mtaa wa Shela, mjini Malindi karibu na hospitali, pengo si lile la vijiji vya ndani.

Ndiyo maana ningependa kaunti iache kugawa ziara kama pilau ya sherehe, kila sahani kijiko. Wiki sita za mwanzo, kila mzazi atembelewe. Baada ya hapo, mhudumu aende kwa mtoto wa njano au nyekundu, kwa mtoto mwenye ulemavu, na kwa mlezi asiyeweza kutoka. Michezo na mazungumzo vipelekwe kwenye vikundi. Mpango huu una kasoro yake: nyumba ikitembelewa peke yake, majirani watauliza kuna nini mle, na mama mwingine ataona bora afunge mlango kuliko kusemwa. Kuanza na kila mzazi katika arubaini kunapunguza aibu hiyo, hakuimalizi. Vikundi navyo vina gharama, na vikiwekwa saa nne asubuhi vitamkosa anayefua nguo za watu mjini pamoja na baba aliye baharini. Lakini orodha fupi ya nyumba humwezesha mhudumu kurudi mara ya pili na ya tatu kuuliza kama kliniki walifika, na orodha fupi ndiyo pekee inayolingana na shilingi 5,000, zikija.