Kucheka wanaokisia ni rahisi mno

Taa zile zikipita juu ya mlima Loleza hapa Mbeya jua likishazama, zimejipanga mstari mmoja, hazitoi mlio, vijiwe vya Mwanjelwa na Uyole hupata mada ya wiki nzima. Mmoja anatoa simu kuonyesha video aliyoichukua. Mwingine anasema Wamarekani wana kambi jangwani walikoficha viumbe wa sayari nyingine, na hizo ndizo ndege zao. Kisha anatokea msomi wa kijiwe, mara nyingi mwalimu au kijana aliyerudi likizo kutoka chuo, anacheka na kusema: "Ni satelaiti za Starlink hizo, kaka. Tuwe tunasoma."

Msomi yuko sahihi kuhusu zile taa. Satelaiti hizo za intaneti hurushwa kwa makundi, na siku za mwanzo, kabla hazijapanda na kutawanyika, huonekana zikifuatana. Jua limeshatuzamia sisi huku chini, lakini kule zilipo bado linaziangaza. Kinachonisumbua ni kile kicheko. Kinachukulia kwamba anayekisia ameona vibaya, au hakuona kitu kabisa. Historia ya kambi anayoitaja yule wa kijiweni inasema vingine.

Kambi ipo kweli. Wengi wanaiita Area 51, iko kando ya ziwa kavu la Groom katika jimbo la Nevada, na ilianza kazi mwaka 1955 kwa ajili ya majaribio ya ndege ya kijasusi ya U-2. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, iliitaja waziwazi kwa mara ya kwanza Agosti 2013, ilipotoa historia yake ya ndani ya ndege hiyo baada ya mtafiti Jeffrey Richelson kuiomba kisheria. Ilikuwa imepita miaka 58 tangu kazi ianze.

Ndani ya historia hiyo kuna aya ambayo sijaweza kuiacha. Inasema safari za U-2, pamoja na za ndege iliyoifuata kwenye mradi wa OXCART, zilisababisha zaidi ya nusu ya taarifa zote za "vitu visivyotambulika angani" zilizotolewa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 na sehemu kubwa ya miaka ya 1960. Utaratibu wake ni uleule wa taa za Loleza. Ndege za abiria za wakati ule ziliruka kati ya futi 10,000 na 20,000. U-2 ilipita futi 60,000, zaidi ya kilomita 18 juu. Chukua rubani wa abiria anayeelekea magharibi jioni. Kwake giza limeanza kuingia, upeo wa macho umebaki na wekundu kidogo tu. Juu yake kabisa, mahali ambapo kwa elimu yote ya siku zile hakuna ndege iwezayo kufika, kitu cha rangi ya fedha kinawaka kwa jua ambalo yeye halioni tena. (U-2 za mwanzo hazikuwa zimepakwa rangi nyeusi, zilikuwa chuma kitupu king'aacho.) Rubani huyo hakulewa wala hakuota. Aliona sawasawa, akaandika barua akatoa taarifa.

Barua hizo ziliishia kwa Jeshi la Anga, kwenye mradi wa kuchunguza taarifa hizo ulioitwa Blue Book. Wachunguzi wake waliwapigia watu wa CIA mjini Washington, wakalinganisha saa na mahali pa taarifa na kumbukumbu za safari za U-2, wakapata jibu. Wakafunga jalada. Ila aliyeandika barua hawakuruhusiwa kumwambia alichokiona. Mwanahistoria Gerald Haines aliandika mwaka 1997, katika jarida la CIA yenyewe, kwamba Jeshi la Anga lilitoa maelezo ya kupotosha: mara chembe za barafu, mara tabaka za hewa zinazopinda mwanga.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikisoma. Kunyamaza kungeeleweka. Lakini mtu mzima, rubani mwenye saa zake angani, anaambiwa na ofisi inayojua ukweli kwamba ameona barafu. Anajua haikuwa barafu. Sasa afanye nini na ujuzi huo? Ameshahakikisha mambo mawili: kuna kitu kule juu, na serikali inamdanganya kuhusu kitu hicho. Yote mawili ni kweli tupu. Kutoka hapo hadi viumbe wa sayari nyingine ni hatua moja, na ngazi ya kumpandishia aliwekewa na ofisi ileile.

Ile "zaidi ya nusu" yenyewe nayo haifai kumezwa nzimanzima. Ni hesabu ya shirika la ujasusi likijieleza, na kwa shirika hilo ni hesabu tamu: inageuza fumbo la taifa kuwa sifa ya ndege yao. Mwaka uliovunja rekodi ya taarifa kwenye kumbukumbu za Blue Book ni 1952, taarifa 1,501, na U-2 iliruka kwa mara ya kwanza Agosti 1955. Kwa hiyo watu walikuwa wakitazama juu na kushangaa kabla ndege hiyo haijatoka kiwandani. Mradi ulipofungwa mwaka 1969 ulikuwa umekusanya taarifa 12,618, na 701 kati yake hazikupata maelezo. Asilimia tano na ushee. Hata ukiipunguza ile nusu hadi robo, bado unabaki na watu wengi walioona kitu halisi na kujibiwa uongo.

Upande wa wenye siri una hoja, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatupaswi kufundishwa hoja hiyo na mtu wa nje. Mgagao, kule Iringa, ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe, na wakufunzi wa Kichina walikuwepo. Hakuna mwenye akili timamu angetaka ramani yake itundikwe stendi. Mwaka 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO ya wapigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Adui alikuwa na mkono mrefu, na siri ilikuwa sehemu ya ulinzi wa watu wenye majina na wazazi. Marekani nayo iliirusha F-117, ndege isiyoonekana vizuri kwenye rada, mwaka 1981, ikaificha hadi 1988. Ukikubali kwamba nchi ina haki ya jeshi, umekubali kwamba kuna milango ambayo raia hataifungua. Sina ugomvi na mlango uliofungwa. Ugomvi wangu ni pale anayepita nje na kusikia kishindo anaambiwa masikio yake mabovu.

Wanaokisia nao wana pao pa kulaumiwa. Julai 2023 David Grusch, aliyekuwa ofisa wa ujasusi, alikula kiapo mbele ya kamati ya Bunge la Marekani na kusema serikali inavyo vyombo vilivyoanguka na mabaki yasiyo ya binadamu. Alipobanwa, ilibainika kwamba anasimulia aliyoambiwa na wengine. Yeye mwenyewe hakuviona. Machi 2024 ofisi ya Wizara ya Ulinzi iliyopewa kazi ya kuchunguza madai ya namna hiyo ikatoa mapitio ya kumbukumbu tangu 1945 na kusema haikukuta ushahidi wa teknolojia ya viumbe wa nje popote. Utaniambia ni ofisi ya haohao waliosema barafu. Sawa, na hiyo ndiyo bei ya kusema uongo: hata ukweli wako unapimwa mara mbili. Lakini shaka juu ya msemaji haiwi ushahidi wa kinyume chake. Mtu akisema "sijui kilichopita juu ya Loleza" namwamini. Akiongeza idadi ya vidole vya rubani wake, ananipoteza.

Na kama kuna uhai kwingineko, hilo ni swali jingine kabisa. Wanaastronomia wameshathibitisha zaidi ya sayari 5,000 nje ya mfumo wetu wa jua. Unaweza kuamini uhai upo huko bila kuuweka ndani ya banda la ndege la Nevada.

Tuna jiwe letu linaloonyesha vizuri kuliko kambi yoyote kwamba mtu huona kabla ya kupata maelezo. Kimondo cha Mbozi, pale Ndolezi, ni bonge la chuma chenye nikeli, urefu wake mita tatu hivi, uzito unaokadiriwa kufika tani 16. Ukisogea karibu unaona pale kipande kilipokatwa kwa ajili ya uchunguzi, chuma kikiwa bado kinang'aa ndani ya gamba la kahawia, na ukiweka kiganja asubuhi kina baridi ya kuuma. Vitabu huandika kwamba kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi, W. H. Nott. Wenyeji walikuwa wakikijua muda wote huo. Hawakuwa na neno nikeli, wala maabara, lakini walijua kitu kile si jiwe kama mawe mengine ya pale. Jicho lilitangulia, maelezo yakafuata.

Kenya jirani walionyesha namna ya kufanya. Desemba 30, 2024, pete ya chuma ya kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Siku mbili baadaye Shirika la Anga la Kenya lilikuwa limeshatangaza kwamba kinaonekana kuwa kipande cha roketi, pete inayotenganisha sehemu zake, na kwamba uchunguzi unaendelea. Hawakumcheka mtu. Ya nani, hawakusema. Walisema walichokuwa nacho, na wanakijiji wakabaki na hasira ya maana: chuma kizito namna hii kinatuangukiaje, na nani atalipa?

Swali la namna hiyo ndilo lililozikwa kule Nevada. Mwaka 1994 wafanyakazi wa kambi ya Groom, pamoja na wajane wa wawili kati yao, Robert Frost na Walter Kasza, walikwenda mahakamani. Walidai kwamba taka zenye sumu zilikuwa zikichomwa ndani ya mashimo ya wazi pale kambini na kwamba moshi wake uliwaletea maradhi wafanyakazi, wakiwemo waume wa wajane hao. Wengi walishtaki bila kutaja majina, kwa sababu kazi yao pale ilikuwa ya siri. Walitaka kujua walivuta nini, ili madaktari wajue wanatibu nini. Septemba 1995 Rais Clinton alisaini uamuzi wa kuitoa kambi hiyo kwenye sheria inayodai taarifa za taka zitolewe hadharani. Kesi ikashindwa, rufaa ikashindwa mwaka 1998, na marais waliofuata wakawa wanahuisha uamuzi ule.

Miaka hiyohiyo watalii walikuwa wakifika barabara ya jirani kwa mabasi, wakivaa fulana zenye vichwa vya kijani, wakicheka. Mwaka 1996 jimbo la Nevada liliipa barabara hiyo jina rasmi la Barabara Kuu ya Viumbe wa Nje. Wajane hawakuwahi kuambiwa kilichokuwa ndani ya moshi.