Pete ya Shaba Inasingiziwa

Wapenzi wa magari ya gia za mkono wana mshitakiwa wao wa siku zote: sinkro, yaani kile kipete cha shaba ndani ya giaboksi kinachosawazisha mizunguko kabla gia haijaingia. Gia ya pili ikigoma, ni sinkro. Ukiachwa na mwenzako kwenye mwanya wa barabara, ni sinkro. Wengine husema kabisa kwamba kiwanda kiliiweka kwa ajili ya waoga, na kwamba mtu anayejua kuendesha anapaswa kuitoa au kuizunguka. Ndipo inapoanza safari ya kwa fundi: mkono mfupi wa gia, meno yanayosagwa moja na kuachwa moja, na mwenye fedha zaidi, giaboksi ya dogi, isiyo na sinkro kabisa.

Hoja zao si za kipuuzi, na nitazifikia. Lakini kwanza tuiangalie kazi inayofanywa na hicho kipete cha shaba kinachotukanwa.

Chukua Subaru Impreza WRX ya gia tano ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uwiano wa gia ya kwanza ni 3.454, wa pili 1.947. Ukiivuta ya kwanza hadi mizunguko 6,500 kwa dakika kisha ukadai ya pili, sahani ya klachi na shafti inayoingia kwenye giaboksi lazima zishuke hadi 3,660 hivi kabla meno hayajakubali kushikana. Mizunguko zaidi ya 2,800 inamezwa na msuguano wa pete, nawe umeshika mkono wa gia ukinung'unika. Kutoka ya nne kwenda ya tano, kwa kasi ileile ya injini, kinachomezwa ni kama 1,565 tu. Ndiyo maana gia ya pili huanza kukwaruza wakati ya tano bado inaingia kama siagi. Mzigo wake ndio mzito.

Sasa njoo kwenye mkono mfupi, ambao ndio marekebisho rahisi kuliko yote na ndio yanayouzwa kwa maneno matamu kuliko yote. Panahamishwa pale mkono unapoegemea, safari ya kiganja inapungua. Sawa. Lakini nyenzo haitoi zawadi: ukipunguza safari kwa asilimia 30, inabidi usukume kwa nguvu iliyoongezeka kwa asilimia 43 hivi ili uma wa gia, ule unaoisukuma gia ndani ya giaboksi, upate msukumo uleule wa zamani. Usipoongeza nguvu, pete inabanwa kwa ulegevu zaidi, na kazi yake ya kusawazisha mizunguko inachukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kuna madereva waliolipia wepesi na kupata gia inayochelewa, kisha wakalaumu sinkro tena. Siukatai mkono mfupi. Mazda MX-5 inapendwa dunia nzima kwa sababu mojawapo ni safari fupi ya mkono wake wa gia, ila pale kiwanda kilipanga kitu kizima tangu mwanzo.

Giaboksi ya dogi ni habari nyingine. Hapa pete haipo. Badala ya meno mengi madogo kuna vishikizo vichache vikubwa vyenye nafasi pana kati yake, na gia inaingia kwa kugongana. Watu huichanganya na gia za meno yaliyonyooka, zile zinazolia mithili ya mluzi. Hayo ni mambo mawili, na yawezekana kuwa na dogi kwenye gia za meno ya mshazari. Huko Marekani, kwenye mbio za robo maili, kuna mafundi wanaofika karibu na hapo kwa njia ya mkato: wanaondoa pete, halafu wanasaga jino moja na kuacha moja.

Wanaotetea dogi wana ushahidi unaopita mbele yetu kila siku. Kila bodaboda ya gia inatumia dogi, na inabebeshwa magunia ya mkaa. Yale malori ya Kimarekani yenye giaboksi za Eaton Fuller zisizo na sinkro yanatembea mamilioni ya kilomita, madereva wake wakibadili gia kwa sikio, mara nyingi bila hata kukanyaga klachi. Basi nani anasema dogi inajila yenyewe?

Haijili yenyewe, nakubali. Ila angalia mifano hiyo vizuri. Klachi ya pikipiki na shafti zake ni vyepesi, kinachogongana ni kidogo. Na lori lile halibadilishi gia haraka hata kidogo! Dereva anangoja mizunguko ishuke mwenyewe, kwa subira ambayo kijana wa WRX hana. Kutokuwepo kwa sinkro peke yake hakuleti kasi. Kasi inaletwa na nafasi pana za dogi pamoja na utayari wa kugonga chuma kwa chuma.

Na kasi hiyo ni kiasi gani? Hapa ndipo mahesabu ya vijiweni huniudhi. Mtu anasema dogi inaokoa sehemu ya 0.3 ya sekunde kila gia, mbio za robo maili zina mabadiliko matatu, basi ni 0.9. Hapana. Wakati gia iko katikati, gari halijasimama, linaendelea kuteleza kwa mwendo liliokuwa nao. Tuseme unabadili kwenye kilomita 60, 100 na 140 kwa saa, na unavuka mstari ukiwa na 160. Badiliko la kwanza litakuokolea 0.19 hivi, la pili 0.11, la tatu 0.04. Jumla ni theluthi moja ya sekunde, si 0.9. Kadiri mwendo wako unavyokaribia ule wa mwisho, ndivyo ucheleweshaji wa gia unavyokosa thamani.

Tuwe wa haki: theluthi ya sekunde kwenye kilomita 160 kwa saa ni mita 15, zaidi ya urefu wa magari matatu. Kwenye mashindano huo ni ushindi usio na ubishi. Isitoshe, mshindani hanunui dogi kwa kasi tu. Sinkro inayolazimishwa kwa ngumi siku nzima itakufa, dogi itavumilia. Hilo ndilo jambo zito upande wao, na ajabu ni kwamba ndilo wanalolisema mara chache.

Barabarani mita hizo 15 zinaenda wapi? Husemwa zinasaidia kulipita lori. Lakini anayepita lori kwa akili ameshachagua gia ya tatu kabla ya kutoka kwenye mstari wake, na anaimaliza kazi ndani ya gia hiyohiyo. Kinyume chake, kwenye foleni ya Ubungo au Thika Road dogi inataka uingize gia kwa ukali, kwa sababu ukiibembeleza ndipo inapokula kona zake. Unga wa chuma unaotoka hapo, kwenye Subaru, haubaki kwa gia peke yake: giaboksi ile ya gia tano inatumia oili moja na difu ya mbele.

Hata waliobobea hukubali kuacha kasi ya gia kwa sababu ya gharama. Magari ya Rally1, daraja la juu la mashindano ya dunia ya rally, ambayo mashabiki wa Naivasha wanayaona kwenye Safari Rally, yalipoanza mwaka 2022 yaliacha gia sita za vibonyezo vya usukani za magari yaliyoyatangulia yakarudi kwenye gia tano za kuvuta kwa mkono.

Anayeona gari lake la kazini ni zito wa gia aanze na bushi za maungio ya mkono wa gia na raba zinazoshikilia injini. Zikilegea, kiganja husafiri bure kabla uma haujasogea. Kisha aangalie oili. Kumimina oili nzito ya "namba 90" yoyote kwenye kila giaboksi kunaponza sinkro nyingi, maana baadhi ya oili za daraja la GL-5 zina viambato vinavyoweza kudhuru shaba, na utelezi wake hupunguza msuguano ambao pete inauhitaji. Afuate kitabu cha gari, kwa kuwa mengine, kama hiyo Subaru yenye difu ndani, yanataka GL-5 hasa. Akishafanya hayo na gia ya pili bado inakwaruza, basi pete imekwisha, na pete mpya ni nafuu kuliko seti ya dogi.