Msiba wa Mtoto Namba 2214

Mimi ni mzaliwa wa Pangani, mkoani Tanga, pale mto unapoingia katika Bahari ya Hindi, na riziki yangu ni kuandika programu za kompyuta katika kampuni moja jijini Dar es Salaam. Nina uvivu wa aina ya pekee: kazi ambayo ningeimaliza kwa mikono kwa dakika 5, niko radhi kukesha siku tatu nikiandika programu ya kuifanya badala yangu. Hata simu nilikuwa nimeikabidhi kwa mashine, kwani mtu akinipigia nikiwa kazini au usingizini alijibiwa kwa ujumbe usemao, “Niko katika shughuli nzito. Nitawatafuta.” Nilidhani hiyo ni adabu ya kutosha.

Kitu kingine ninachokipenda ni bahari. Kwetu mvuvi hutazama mwezi kabla ya kalenda: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa ni bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana, mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Hesabu hiyo niliiandikia programu, nayo kila alfajiri saa 11 ilimtumia Mjomba wangu ujumbe wa hali ya maji. Mjomba amevua kwa zaidi ya miaka 40 bila msaada wa mtu yeyote mwenye kompyuta, lakini aliupokea kwa upole, kama mtu anayeletewa kikombe cha maji akiwa amesimama mtoni.

Programu ya tatu ndiyo iliyotuletea balaa. Ilikuwa ya kumwamsha mkuu wangu wa kazi kila seva, yaani kompyuta inayowahudumia wateja wetu, inapopata matatizo, na kwa kuwa nilikuwa nimechoshwa na taarifa za Kiingereza, niliamua kuziandika kwa Kiswahili fasaha. Inafaa msomaji ajue kwamba tangu Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, ianze kutengenezwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969, watu wa fani hii wamejizoesha kuzungumza kama wako matangani. Programu inayozaa nyingine huitwa mzazi, na iliyozaliwa huitwa mtoto. Mzazi akifa kwanza, mtoto huwa yatima na huchukuliwa na programu namba 1, ambayo kwa desturi ndiyo huwalea wote wasio na mwenyewe. Mtoto aliyekwisha kufa lakini mzazi hajaja kuchukua taarifa yake hubaki daftarini, hafanyi kazi wala hafutiki, na kwa Kiingereza huitwa zombi. Mimi, kijana wa Tanga, sikuhitaji kamusi ili kujua kwamba huyo ni msukule. Tena, kumbukumbu ya mashine ikijaa kabisa, Linux, mfumo wa jamii ya Unix unaoendesha seva yetu, huchagua wenyewe wa kuuawa ili wengine wapumue. Hiyo sehemu niliiita Muuaji. Nilijivunia tafsiri hiyo kwa wiki nzima.

Namba za wapokeaji niliziweka katika orodha fupi: wa kwanza “Mkuu,” apate taarifa za seva, wa pili “Mjomba,” apate za bahari. Jioni moja, kabla ya kufunga kompyuta, nikaona ingependeza orodha ikipangwa kwa alfabeti. Tafadhali jaribu mwenyewe. Mjomba hutangulia, Mkuu hufuata. Saa za seva, ambazo zinafuata Greenwich, nilikuwa nimezibadili sawasawa hadi saa zetu, jambo linalowatoa jasho hata mafundi wakubwa. Nikaja kuanguka kwa herufi J na K.

Usiku huohuo, saa 8, kumbukumbu ya seva ikajaa, na simu ya Mjomba ikaanza kulia kule Pangani. Ujumbe wa kwanza ulisema, “Tahadhari: Muuaji ameingia.” Wa pili ukasema, “Muuaji amemuua mtoto namba 2214.” Ukafuata huu: “Mzazi amekufa bila kuaga. Yatima 14 wamechukuliwa na Namba 1.” Kisha, kwa utulivu unaotisha, ukaja wa mwisho: “Misukule 3. Seva imekufa. Hakuna anayeshughulika.”

Mjomba aliniambia baadaye kwamba mauaji angeweza kuyastahimili hadi asubuhi, lakini aliposoma neno misukule alimwamsha Shangazi, Shangazi akawaamsha majirani. Walinipigia simu mara 11. Mara 11 nikawajibu kwamba niko katika shughuli nzito na nitawatafuta. Wakakubaliana kwamba hayo ni maneno ya mfiwa.

Huku Dar es Salaam, wateja walianza kulalamika kabla ya jua kuchomoza. Mkuu wangu, mama wa makamo asiyependa utani, akashika simu akitarajia taarifa ya seva, na saa 11 kamili akapokea hii: “Shikamoo Mjomba. Maji mafu mpaka Jumatano. Hakuna haja ya kutoka. Lala tu.” Anasema aliisoma mara tatu, akadhani ni lugha mpya ya mafundi yenye maana kwamba hitilafu inajulikana na imedhibitiwa. Akalala.

Nilifika ofisini nikakuta seva imelala, mkuu amechelewa, na kila mtu ananitazama. Niliishughulikia hadi adhuhuri. Saa 8 mchana mlinzi akaja kunong’ona kwamba nina wageni. Sebuleni nilimkuta Mjomba amevaa kanzu na koti, Shangazi na jirani wawili wameketi juu ya mkeka waliokuja nao, na pembeni pamewekwa kilo 10 za mchele na bahasha ya rambirambi. Walikuwa wamepanda basi la alfajiri, wakapita Segera na Chalinze njia nzima wakiomba dua.

“Shikamoo Mjomba,” nikasema.

“Marahaba. Pole sana, mjomba wangu. Huyu Seva alikuwa nani kwako?”

Nilieleza kwa muda mrefu. Nilichora hata picha ya mzazi na watoto ubaoni. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huyo Namba 1 anaaminika, kisha akataka kujua ni mzazi gani anayeacha taarifa za wanawe daftarini bila kuzifuata. Sikuwa na jibu, maana ile programu ya mzazi niliiandika mimi. Wakati huo mkuu wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alimsalimu Mjomba, akaagiza chai na maandazi, akaamuru mchele upikwe kwa kuwa ulikwisha kuja, kisha akanigeukia.

“Na ile shikamoo yako ya alfajiri,” akasema, “marahaba.”

Orodha niliirekebisha siku hiyohiyo, lakini Mjomba alikataa kuondolewa kwenye taarifa za seva. Alisema usiku yuko macho akisubiri maji, na mimi nimethibitisha kuwa siamki. Nikamruhusu simu yake ipite hata nikiwa nimelala. Juzi ikaniamsha saa 9 usiku.

“Mjomba,” akasema kwa sauti ya chini, nikisikia mawimbi nyuma yake, “misukule wamefika 9. Amka uwatoe.”