Nilimwona Nyangumi Kabla Mama Hajapanda Boti ya Kazinga

Nimezaliwa Katunguru, pale darajani ambapo barabara ya Mbarara kwenda Kasese inavuka mfereji wa Kazinga, unaounganisha ziwa George na ziwa Edward, magharibi mwa Uganda. Anayepita na basi hupaona kwa sekunde chache tu: maji ya kijani kulia, maji ya kijani kushoto, na akina mama wanaokimbilia madirishani na samaki wa kukausha. Mmoja wa akina mama hao alikuwa mama yangu. Nimekua nikisikia viboko wakikoroma nyuma ya nyumba usiku kucha. Hata hivyo, mpaka natimiza miaka 34, sikuwahi kukaa kwenye boti kwa ajili ya kumtazama mnyama. Mara yangu ya kwanza ilikuwa Marekani, Agosti 2022, na mnyama mwenyewe alikuwa nyangumi.

Nilipokuwa darasa la sita shule yetu ilitupeleka ziara. Tulipanda lori alfajiri, tukasafiri kutwa nzima hadi Entebbe kutazama wanyama walio ndani ya uzio. Asubuhi ile ile, tulipokuwa tunaondoka, tembo walikuwa wanakunywa maji ng'ambo ya mfereji. Hakuna mwalimu aliyewaonyesha kwa kidole, wala sisi watoto hatukuona ajabu yoyote. Tembo wa kwetu alikuwa mharibifu wa mihogo. Mnyama wa kutazamwa alikuwa yule wa mbali.

Sasa niko Waltham, Massachusetts, mji ambao Waganda tumejaa hata Jumapili unaweza kula matoke, ukasalimiwa na watu kumi, ukasahau uko nchi gani. Kyeyo yangu, yaani kibarua cha ughaibuni, ni ile ya wengi wetu hapa: kuhudumia wazee majumbani mwao. Mzee niliyekuwa naye mwaka ule alikuwa mvuvi wa Gloucester tangu ujana. Watoto wake walikodi boti ndogo wampeleke kuona nyangumi siku yake ya kuzaliwa, lakini siku ilipofika miguu ilikataa. Akamwambia binti yake kiti chake nipewe mimi. Mtu aliyekulia ziwani, alisema, ataona vizuri kuliko wengine. Akanishika mkono: niende nikawaone kwa niaba yake, na nirudi nimweleze kila kitu.

Kabla ya kupanda boti, binti yake alinipitisha ufukweni pale Gloucester kwenye sanamu ya mvuvi aliyeshika usukani kwa mikono miwili, akitazama bahari. Iliwekwa mwaka 1925. Mbele yake kuna mabamba yenye majina ya wavuvi wa mji ule waliozama, zaidi ya 5,000, mwaka kwa mwaka. Nilisimama nikayasoma mpaka nikaitwa mara mbili. Nilikuwa namfikiria mjomba wangu, mdogo wake mama, ambaye mwaka 1998 alitoka kutega nyavu alfajiri na kiboko akaupindua mtumbwi. Jina lake limeandikwa kwenye Biblia ya bibi tu.

Boti yetu ilikuwa na abiria sita. Sheria ya huko inamruhusu nahodha wa boti ndogo ya namna ile kubeba watu sita tu wanaolipa. Ziko meli kubwa zinazochukua mamia, lakini katika hii ndogo unagusa maji kwa mkono, na nahodha anakusikia ukiuliza swali. Tulielekea Stellwagen, mwinuko wa mchanga ulio chini ya bahari kati ya Cape Ann na Cape Cod, eneo linalolindwa na serikali tangu 1992. Nyangumi huja pale majira ya joto kula dagaa wembamba wanaojichimbia mchangani. Wale wenye nundu huondoka baadaye kwenda kuzaa kwenye maji ya moto ya Karibi. Bahari ilinichafua roho njia nzima. Mawimbi ya ziwa Edward ni mafupi na ya haraka, lakini haya yanakuinua polepole na kukushusha polepole, na tumbo halijui lishike wapi.

Kisha nahodha akazima injini. Nilimsikia nyangumi kabla ya kumwona. Ni pumzi: mlipuko wa hewa na maji, halafu ukimya. Wenzangu watano walishangilia. Mimi nilikamata ukingo wa boti kwa mikono yote miwili, kwa sababu mtu wa Katunguru anaijua sauti ile. Kiboko anapoibuka gizani hupumua hivyo hivyo, na ukiisikia karibu na mtumbwi unapiga kasia kwa nguvu zako zote bila kugeuka nyuma. Upepo ukatuletea harufu ya pumzi yake, harufu ya samaki waliolala juani. Nayo pia ilikuwa ya nyumbani. Ndipo mgongo ukapita mbele yetu, mweusi, mrefu, hauishi, na mwisho mkia ukanyanyuka wote juu ya maji, ukimwaga maji kama pazia, ukazama bila kishindo. Nililia, na yule binti wa mzee akanishika bega.

Msichana aliyekuwa akituelezea alikuwa na faili la picha za mikia. Upande wa chini wa mkia wa kila nyangumi mwenye nundu una madoa meusi na meupe yasiyofanana na ya mwingine, kama alama za vidole vyetu. Kwa hiyo wanajulikana mmoja mmoja, kwa majina. Alitusimulia habari za jike mmoja aitwaye Salt, yaani Chumvi, anayefahamika tangu miaka ya 1970. Watoto wake wanajulikana, na wajukuu pia. Biashara yenyewe ya kwenda kuwatazama upande huo wa Marekani ilianzia Provincetown mwaka 1975, na aliyeianzisha alikuwa mtu wa boti aliyezoea kuwapeleka watu kuvua samaki. Hilo ndilo lililonikaa. Pwani ile ile iliyoishi kwa kuwaua nyangumi, ikiwasha taa za nchi nzima kwa mafuta yao, ndiyo inayowajua leo kwa ukoo. Mvuvi hakusukumwa pembeni ili mtalii apite. Mvuvi ndiye aliyeshika usukani.

Simsifii mzungu kupita kiasi. Nyangumi mwingine wa maji yale, yule wanayemwita nyangumi halisi, wamebaki chini ya 400 katika Atlantiki ya kaskazini. Wanagongwa na meli na kunaswa na kamba za mitego. Sheria inataka boti zikae mita 460 hivi mbali nao, lakini kwa wengi sheria ilichelewa. Na kuhusu maisha, mzee wangu alikuwa na watoto wanne na bado siku nyingi aliyekula naye chakula cha jioni ni mimi, mgeni. Kwetu hilo lisingetokea, na sitaki litokee.

Lakini katika jambo hili moja wametupita, nami nasema kwa uchungu. Kazinga haina haja ya bahati. Kule tulikwenda saa mbili na zaidi tukitapika ndipo tukaona migongo mitatu. Pale Mweya, zinakoondokea boti za watalii, ndani ya saa mbili, boti inakupitisha mbele ya viboko wasiohesabika, nyati waliolala kwenye tope, mamba, tembo na watoto wao, na tai wavuvi wakilia juu ya miti. Watu wanavuka dunia kuja kuviona. Na njia nzima, watoto wa vijiji vya Katunguru na Kazinga wanasimama ukingoni wakipunga mkono, boti inapita.

Hifadhi ya Queen Elizabeth, inayouzunguka mfereji, ilianzishwa mwaka 1952, vijiji vyetu vya uvuvi vikabaki ndani yake kama visiwa. Najua kuna asilimia 20 ya ada za getini inayorudishwa kwa jamii. Najua sheria mpya ya wanyamapori ya 2019 imeweka fidia. Ni mambo mema. Ila darasa na zahanati havimfanyi mtoto ajue kwamba yule kiboko ni wake. Kinachomfanya ajue ni kukaa kwenye ile boti.

Wala sisemi jambo la ndotoni, kwa maana Uganda tayari tunalo mahali pamoja. Mabamba, kinamasi kilicho karibu na Entebbe, wavuvi waliamini kwamba ukimwona korongo nyangumi asubuhi siku hiyo hupati kitu, tena ndege huyo anakula kamongo wanaowategemea. Walikuwa wanamwua. (Kiswahili kimempa jina hilo kwa ajili ya kichwa chake kikubwa, na hata jina lake la Kilatini lina maana ya kichwa cha nyangumi. Kwa hiyo nyangumi wetu tunaye, ana mabawa.) Mwaka 2006 kinamasi kile kiliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na leo wanaowapeleka wageni kumtafuta kwa mitumbwi ni watu wa pale pale. Wageni wawili au watatu mtumbwini, kasia mkononi mwa mtu aliyemjua yule ndege tangu utoto.

Januari 2023 nilirudi nyumbani, nikamlipia mama tukapanda boti. Alikuwa na miaka 63. Alivaa kitenge kipya kama anayekwenda harusini. Mwanzoni alikaa kimya kati ya wageni wenye kamera, mkoba mapajani. Kijana aliyeongoza, mtoto wa watu kutoka mbali, alizungumza Kiingereza kwenye kipaza sauti. Tulipofika kwa kiboko mmoja aliyekaa peke yake, mama akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Huyu amefukuzwa na wenzake. Ona makovu shingoni. Huyu ndiye wa kuogopa, si wale waliolundikana." Kijana akasikia, akashusha kipaza sauti. "Mama, endelea, tufundishe." Mama akaendelea. Akaeleza wanapotokea usiku, njia zao hazibadiliki, na kwamba ukiwasha moto juu ya njia ya kiboko umejitafutia. Kijana akatafsiri neno kwa neno, na wageni wote wakageuza vichwa vyao kumtazama mama. Tulipopita mti mmoja wa matawi kama kinara cha mishumaa, mama alivua leso kichwani, akataja jina la mdogo wake, taratibu, akaifunga tena. Nilimwomba kijana asitafsiri hilo, naye alikuwa ameshaelewa.

Aliposhuka gatini alisema maneno ambayo sijayasahau: "Miaka yote hii nilidhani wanakuja kutazama kitu ambacho mimi sikijui."

Nilipomsimulia haya ndugu yangu mmoja wa kule nyumbani, alinijibu kwamba sisi wa ng'ambo tumeshiba, mtu wa Katunguru anataka bei nzuri ya samaki wake wa ngege, hataki matembezi. Nimelifikiria sana jibu lake kwa sababu ana haki ya kulisema. Lakini mvuvi wa Gloucester naye alitaka bei ya samaki. Samaki walipopungua, alikuwa na elimu nyingine ya kuuza, na watu walimlipa kwa elimu hiyo. Mama anayo elimu hiyo. Vijana wanaokaa darajani wakisubiri basi lisimame wanayo. Tena Kazinga si mahali pa mitumbwi ya makasia kama Mabamba, viboko hawaruhusu. Panahitaji boti imara yenye injini, jaketi za kuelea, na mafunzo. Mambo hayo yana gharama, na mtu mmoja mmoja hayawezi. Chama cha akina mama wauza samaki wakisaidiwa wanaweza.

Nimeanza na kidogo nilichonacho. Kutoka mishahara ya zamu za usiku nimeweka pesa za kukodi boti siku moja Desemba hii, kwa watoto 20 wa darasa la sita. Nimeshazungumza na mwenye boti na mwalimu mkuu. Kila mtoto atapewa daftari na penseli achore viboko watakaowaona: masikio yaliyochanika, makovu, mahali wanapokaa, ili darasa litakalofuata lianzie hapo. Majina watawapa wenyewe. Mama atakaa mbele, karibu na nahodha. Ameniuliza swali moja tu kwenye simu, kama boti inaweza kuzima injini kidogo pale penye ule mti, nami nimemwambia nitalipia na muda huo.