Rada Ziwa Nyasa: omo juu au kaskazini juu?

Chombo kikitoka Itungi, Kyela, kuelekea Mbamba Bay, Milima ya Livingstone hukaa mkono wa kushoto. Weka rada kaskazini juu, yaani kaskazini ikae juu ya kioo daima, na milima hiyohiyo itahamia upande wa kulia wa kioo, chombo nacho kitaonekana kinashuka. Saa nane usiku, nahodha aliyechoka anapaswa kuipindua picha kichwani kabla hajagusa usukani. Ubishi unaanzia hapo.

Wanaopenda omo juu, yaani mbele ya chombo ikae juu ya kioo, hawana haja ya kueleza sana: kilicho kushoto dirishani kiko kushoto kwenye kioo. Isitoshe, kama rada haijaunganishwa na dira ya kielektroniki, hakuna chaguo jingine. Ila subiri mawimbi ya kusi. Omo ikiyumba digrii 10, mstari wake unabaki palepale juu ya kioo, na vingine vyote vinazunguka digrii 10. Ufukwe unapakazika, na mkia wa mtumbwi wa wavuvi wa usipa, yaani alama unayoiacha nyuma yake kwenye kioo, hausomeki tena: wamehama wao, au umeyumba wewe? Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano hutazama kama pembe ya dira kwa chombo kinachokaribia inabadilika au la. Kwa omo juu, pembe hiyo huipati bila hesabu.

Kaskazini juu imetulia na inalingana na ramani. Mimi, dira ikiwepo, ningechagua njia juu: picha imetulizwa na dira, lakini njia unayoishika ndiyo iko juu, kwa hiyo Livingstone inarudi kushoto kwake. Kero yake ni kuipanga upya kila unapobadili njia. Kwa ziwa refu na jembamba kama hili, kero hiyo ni ndogo.

Kuhusu jinsi kioo kinavyoonyesha mwendo, nina msimamo mkali kidogo. Katika mwendo linganishi chombo chako hakihami kwenye kioo, na hata mwamba unakujia. Inachukiza macho, lakini alama ambayo mkia wake unaonyesha inaelekea chombo chako ni ya kugongana nayo, na unaiona bila kuhesabu. Mwendo halisi, ambamo chombo chako nacho huhama kwenye kioo, huituliza nchi kavu na kutenganisha mtumbwi uliosimama na unaotembea; unafaa ukikaribia Liuli au Matema. Hata hivyo, unategemea kasi na dira sahihi, na mkia wa anayekuja kukugonga unaweza kuelekea pembeni kabisa. Mwaka 1956 meli Andrea Doria na Stockholm zilionana kwenye rada na bado zikagongana.

Rada nyingine huchanganya: mwendo linganishi, mikia halisi. Anayepokea zamu asome kwanza maandishi ya pembeni mwa kioo. Mtumbwi wa mbao, ambao mwangwi wake hupotea kwenye mawimbi, hauonekani kwa mpangilio wowote kati ya hii. Huo unatafutwa kwa macho na taa.