Nakala 20 za Ripoti Moja

Diski ya kompyuta yangu ilipokaribia kujaa, nilihamishia folda ya nyaraka kwenye diski ya pili, kisha mahali ilipokuwa nikaacha kiungo, yaani kijifaili kisichobeba chochote ila anwani ya folda halisi. Mambo yote yalikwenda vyema isipokuwa kwa programu ya utafutaji, ambayo tangu siku hiyo ilishikilia kwamba sikuwahi kuandika ripoti yoyote maishani mwangu. Kumbe programu za namna hiyo, zinapopitia mafaili ili kuandaa faharasa, kwa kawaida hukiona kiungo zikapita zake bila kuingia ndani.

Nilichimba kwenye mipangilio hadi nikakuta kisanduku cha kuiruhusu programu ifuate viungo, na chini yake maandishi madogo ya tahadhari. Maandishi madogo mimi huyasoma baada ya ajali. Nikaweka alama, nikaenda kulala. Nilichosahau ni kwamba miezi kadhaa kabla ya hapo, nikijiona fundi, nilikuwa nimeweka ndani ya folda ile ya nyaraka kiungo kingine cha kunirudisha haraka kwenye folda yangu kuu, Nyumbani. Basi programu iliingia Nyaraka ikakuta Nyumbani, ikaingia Nyumbani ikakuta Nyaraka, ikaingia tena, feni ikivuma usiku kucha. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na katika Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, ukingo wenyewe ni viungo 40 katika anwani moja; kikija cha 41, mfumo hugoma. Kwa kuwa kila mzunguko ulikula viungo viwili, asubuhi nilipoitafuta ripoti yangu ya mwaka niliipata mara 20.

Nilifurahi, kisha nikaghadhibika. Anwani ya mwisho katika orodha ilisomeka Nyumbani/Nyaraka/Nyumbani/Nyaraka hadi ikatokomea nje ya skrini, nami badala ya kujiuliza maana yake, nikaona ni uchafu unaohitaji ufagio. Nikaiacha ile ya juu kabisa yenye anwani fupi, nikachagua 19 zilizobaki, nikabofya kufuta. Ya kwanza ilifutika bila ubishi. Kwa zile 18, kompyuta iliniletea ujumbe mmoja baada ya mwingine kwamba faili halipo, faili halipo, nami kila mara nikabofya sawa, tena kwa nguvu, kana kwamba kipanya ndicho chenye makosa. Hatimaye nikaifungua ile niliyoihifadhi kwa heshima zote. Nayo haikuwepo.

Ripoti ilikuwa moja tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nikiichungulia kupitia madirisha 20.

Nilikimbilia pipa la taka moyo ukinidunda, nikaikuta imelala humo peke yake. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba programu ya utafutaji bado ilikuwa ikinionyesha matokeo yote 20 kwa majivuno, kwani faharasa yake ilikuwa haijasasishwa.

Baada ya kuirejesha ripoti, na kuyasoma yale maandishi madogo, kilichobaki kilikuwa kukifuta kile kiungo cha kurudi nyumbani. Ninafahamu fika kwamba kufuta kiungo hakuigusi folda kinayoielekea. Hata hivyo niliichapa ripoti nzima, nikazipanga kurasa zake mezani, nikazihesabu mara mbili, ndipo nikabofya.