Ikulu Kinyozi

Jamani, kosa langu mimi ni kupenda jina zuri. Nilipopata fremu hapa Manzese nikamwita fundi wa mabango, akaniandikia IKULU KINYOZI, herufi nyekundu, na pembeni kipara kinameta kama sufuria ya Idi. Rangi haijakauka naambiwa, kasajili jina la biashara. Elfu 15 ya usajili, elfu 5 ya mwaka. Si kitu, vichwa kumi hivi.

Shemeji yangu alisajili duka lake kabla mambo hayajahamia mtandaoni mwaka 2018, alikwenda na karatasi yake kwapani. Mimi nimekaa steshenari saa tatu nasoma namba ya kitambulisho cha taifa, kijana anaikosea, naisoma tena. Majibu yakaja: jina limekataliwa, linafanya watu wadhani serikali ina mkono humo. Serikali! Humu mna kiti kimoja, nacho kinayumba. Nikapeleka NYOA UPENDEZE. Linafanana na la mwingine. Sasa nani ananyoa watu wachukize?

Kijiweni, mzee mmoja ambaye mahakama kaifahamu kwa kesi ya mbuzi tu, akaniwasha: "Mwanangu, usikubali. Kafungue mapitio ya kimahakama, jaji aukague uamuzi wa msajili!"

Nikaenda kwa wakili. Akanieleza kwamba kwanza unaiomba Mahakama Kuu kibali cha kuomba. Yaani unabisha hodi ili uruhusiwe kubisha hodi! Na miezi sita isipite tangu ulipokataliwa. Amri zenyewe zina majina kama mashetani wa kupungwa: setiorari, ya kufuta uamuzi, na mandamasi, ya kumlazimisha mkubwa atimize wajibu wake.

"Setiorari ikitoka, napata Ikulu yangu?"

"Hapana. Jaji hapimi uzuri wa jina lako. Anatazama kama msajili alifuata sheria na akakupa nafasi ya kusikilizwa. Akiona kasoro anaufuta uamuzi, jambo linarudi kwa msajili aamue upya."

Kwa msajili yuleyule! Niuze mashine zangu zote za kunyolea, nizunguke kortini, ili nikakataliwe tena kwa kufuata utaratibu. Mke wangu, Mama Zuhura, angenipitia yeye kabla ya jaji.

Wakili akaniona nimenywea, akanihurumia. Kumbe Sura ya 213, ile sheria ya majina ya biashara, inamtaka asajili yule anayetumia jina lisilo lake. Ukiandika jina lako halisi tupu, bila nyongeza, husajili chochote. Nusura nimkumbatie! Mbio kwa fundi: futa Ikulu, andika jina nililopewa na bibi, Mungu amrehemu, nimezaliwa mwaka wa njaa.

Tangu Jumatatu bango linang'aa: MASHAKA TABU.

Vijana wanafika mlangoni, wanasoma, wanajishika vichwa, wanavuka barabara. Jana mmoja kajikaza, kaingia, kakaa. Nawasha mashine tu, akanishika mkono.

"Samahani mzee wangu, lile la nje ni jina au ni tahadhari?"